Tukuyu Kabla ya Boma

Ndugu wanafunzi wa zamani wenzangu, pamoja nanyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha sisi:

Mhariri wa jarida letu ameniomba nichangie makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu. Nimekubali bila kusita, kwa kuwa jambo la kuandika nilikuwa nalo tayari. Mwezi Julai uliopita niliwachukua mama watoto na watoto wetu watatu, tukauzunguka mji wa Tukuyu na viunga vyake kwa siku moja, tangu asubuhi hata giza likaingia. Haikuwa safari ya starehe tu. Binti yetu wa kati, aliye kidato cha pili, alikuwa amepewa shuleni kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mji wowote wa Mkoa wa Mbeya, naye akaanza hivi: Tukuyu ni mji ulioanzishwa na Wajerumani. Mwalimu akaweka alama ya sahihi pembeni.

Simlaumu mwalimu, wala simlaumu mtoto. Sisi wenyewe tulijibu hivyo hivyo katika mitihani yetu na tukapewa alama. Lakini ni sentensi inayofaa kutazamwa upya, kwa maana ndani yake mna swali. Mji huanza lini? Huanza siku mtu anapojenga ukuta wa mawe, au siku watu wanapoanza kukaa pamoja kwa utaratibu wanaoujua wenyewe?

Wenzetu wa Ulaya hawapati taabu sana na swali hili. Kule Italia uko mji mdogo juu ya kilima uitwao San Gimignano. Katika Zama za Kati matajiri wake walishindana kujenga minara ya mawe. Yasemekana ilifika 72, na 14 ingali imesimama. Mzazi wa pale akitaka kuwaonyesha wanawe jinsi walivyoishi mababu wa miaka 700 iliyopita, anawashika mkono na kuwapandisha ngazi, basi. Hata sisi Tanzania tunayo mawe yetu: Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14, na kule Engaruka kuna mifereji na makingo ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe. Rungwe hatuna. Kilima cha Tukuyu kiko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kinapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kina udongo wa volkano unaootesha hata fimbo, na kina mianzi. Mtu mwenye mianzi mlangoni hahangaiki kuchonga mawe. Ndiyo sababu mgeni akipanda Tukuyu kutafuta cha kale anaonyeshwa Boma la Wajerumani, kwa kuwa ndilo lililosimama.

Nasi tulianzia hapo. Tulitoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Uyole na Isyonje katika ukungu mzito hata nikawasha taa za gari, na kwenye saa mbili tulikuwa mjini, kilomita 70 hivi. Watoto walikuwa wamevaa makoti yote waliyokuwa nayo. Baba mkubwa wangu, ambaye amepita miaka 80 na ambaye alikuwa karani wa mizani ya chai kwa muda mrefu wa maisha yake, alikuwa anatungoja kando ya barabara amejifunga blanketi, na fimbo mkononi. Watoto wakamwamkia shikamoo, naye akawajibu marahaba kisha akawalazimisha waseme tena kwa Kinyakyusa mpaka wakasema vizuri.

Niueleze kwanza ukweli uliomo katika ile sentensi ya binti yangu, maana upo. Wajerumani hawakuanzia Tukuyu. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alifika Ziwa Nyasa na meli ya moshi iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa huku ndani. Meli ikapewa jina lake. Pwani ya kaskazini mashariki ya ziwa, mahali paitwapo Lumbila, wakafungua kituo cha serikali na kukiita Langenburg, kwa heshima ya mtawala mmoja wa Kijerumani, Hermann zu Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kudai makoloni. Kituo kilibanwa kati ya maji na milima ya Livingstone. Joto, homa na mbu viliwashinda. Karibu mwaka 1900 wakapandisha ofisi zao kwenye baridi ya huku juu, na jina wakapanda nalo: Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Wenyeji waliendelea kupaita Tukuyu. Majina mawili yalikaa pamoja mpaka mmoja wa wenye majina alipoondoka.

Kuhusu ile meli, vijana mtaipenda habari yake. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Meli ya Waingereza kutoka Nyasaland, Gwendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa nahodha wa Kiingereza, na alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Alikuja kwa ngalawa amekasirika kuuliza rafiki yake amelewa nini. Akatekwa hapo hapo. Ndivyo vita kuu ilivyofika katika ziwa letu.

Tulilitazama Boma kutoka nje, kwa utulivu, tukizipisha shughuli za watu. Kuta ni nene kweli. Mtoto wetu mdogo, wa darasa la tatu, aliweka kiganja chake ukutani akauliza, "Babu, haya mawe Wajerumani waliyabeba kutoka wapi?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, Mjerumani hakubeba jiwe. Aliyebeba ni babu yangu mimi."

Habari hiyo ni ya ukoo wetu, nami naiandika kama nilivyoisikia. Babu wa baba mkubwa aliletwa kubeba mawe na udongo kwa sababu ya kodi. Hapa kumbukumbu ya ukoo inakubaliana na kumbukumbu ya serikali. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa na serikali ya Kijerumani mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya mwananchi, na asiye na rupia alilipa kwa mazao au kwa mikono yake. Kwa Mnyakyusa aliyekuwa na wake watatu, kila mke na nyumba yake, hesabu haikuwa ndogo. Mwaka huo huo watu wa nchi hii walipambana na Wajerumani, mikuki kwa bunduki, wakashindwa. Kwa hiyo mikono iliyoliinua Boma ilikuwa ya watu walioshindwa juzi tu, na waliokuwa na nyumba zao, migomba yao na ng'ombe wao kwenye mabonde yale yale tunayoyaona kutoka barazani. Mjerumani aliweka ofisi mahali penye watu. Asingekuwapo mtu wa kutozwa kodi, asingepanda kilima.

Binti yangu aliandika hayo katika daftari lake, kisha akaniuliza swali ambalo mwanasheria angelifurahia: "Baba, ushahidi ni nini kwamba watu walikuwapo?"

Ushahidi wa kwanza ni wa wageni. Mwaka 1877 alipita Frederick Elton, balozi wa Uingereza, naye akafariki Desemba ya mwaka huo akiwa njiani Ugogo. Mwaka 1879 alipita Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21, akitoka Dar es Salaam kuelekea ziwani. Thomson aliisifu nchi hii ya kaskazini ya ziwa kuliko karibu nchi yoyote aliyoipita: nyumba nadhifu, viwanja vilivyofagiliwa, migomba iliyopangwa kwa mistari. Kisha mwaka 1891 wakaja wamisionari wa aina mbili kwa mkupuo mmoja. Wamoravian walikuwa wanne, akiwamo Theodor Meyer, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki kabla kituo hakijasimama. Waliobaki wakajenga Rungwe, chini ya mlima. Wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky, wakajenga upande wa mashariki. Misheni hizo mbili zikagawana nchi, hawa magharibi, hawa mashariki. Ila angalieni: kabla ya kukata mti hata mmoja walikwenda kwanza kuomba ardhi kwa machifu. Huwezi kuomba ardhi isiyo na mwenyewe.

Lakini ushahidi wa wageni una kasoro moja. Walikuja wakakaa kidogo, wakaandika walichokiona kwa macho, nao hawakujua kwamba kile walichokiona kingekuwa mahali pengine baada ya miaka 30. Hapo ndipo penye kiini cha makala hii.

Mji wa Kinyakyusa ulikuwa unahama. Simaanishi kuhama kwa wafugaji wanaofuata majani. Namaanisha kwamba kila rika lilijenga kijiji chake. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na mmoja alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa umri mmoja kujenga vibanda vya mianzi pembeni. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao, walikula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima nyumba hii leo, nyumba ile kesho, na usiku walilala kwao. Walipooa walijenga nyumba kubwa pale pale. Kijiji cha watoto kikawa kijiji cha wanaume. Baba zao walipoona wakati umewadia, baada ya miaka 30 au zaidi, ilifanyika sherehe kubwa iitwayo ubusoka. Moto ulizimwa katika nyumba zote, ukapekechwa moto mpya, miti ikapandwa, na malafyale mzee akakabidhi nchi kwa wanawe wawili wakubwa, kila mmoja upande wake. Wazee wakasogea kuwapisha vijana ardhi. Nchi moja ikawa mbili, na vijiji vikakaa upya.

Nilisoma habari hizi nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika vitabu vya Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Kitabu chake juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951. Nilipokisoma nilishtuka, si kwa sababu ya ugeni wake. Nilishtuka kwa kuwa nilikuwa nimekwisha ishi hivyo. Ninyi wenzangu mliolala nami bweni moja mnajua. Kundi la umri mmoja, limetolewa kwa mama zao, linakula pamoja, linaadhibiana lenyewe, lina siri zake, na mkubwa akipita mdogo anasimama. Wanyakyusa wana neno kwa ile raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuongea nao mpaka usiku: ukwangala. Mtu asiyependa ukwangala, anayekula peke yake mlango umefungwa, alishukiwa uchawi. Mnaokumbuka jinsi tulivyomtazama yule aliyeficha karanga na sukari kwenye sanduku mtanielewa.

Basi fikirini mwenyewe. Mji wa namna hii, hata ukikaa miaka 400, utaacha nini cha kupigwa picha? Nyumba ya mianzi na udongo haivuki miaka 20 katika mvua za huku. Magofu hayawezi kuwapo. Wasimulizi walihesabu karibu vizazi kumi vya watawala tangu mababu wa koo za kichifu waliposhuka kutoka milima ya Ukinga wakileta, kwa mujibu wa masimulizi, moto, ng'ombe na chuma. Vizazi kumi, hata ukivikadiria kwa kubana, vinakurudisha katika miaka ya 1600 au kabla. Na hao waliposhuka waliwakuta watu wengine, ambao masimulizi yanasema kwa dharau kwamba walikula vitu vibichi. Mshindi ndiye asemaye hivyo siku zote.

Watoto walitaka kwenda Lubaga, msitu mtakatifu wa Lwembe. Mzee alikataa. Alisema si mahali pa kutembelea kwa viatu vya raba na simu, akatukalisha kwenye mgahawa, tukala mbalaga kwa nyama ya ng'ombe, na hadithi akaitoa hapo. Lwembe alikuwa zaidi ya chifu. Mvua, uzazi wa watu na rutuba ya ardhi vilishikamana na mwili wake, na kwa hiyo hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa kama watu wengine. Wakuu walipoona anadhoofika walimkata pumzi wao wenyewe. Haishangazi kwamba katika nyakati za mwisho walioteuliwa walitoroka. Makuhani wa Kikinga walikuwa wanashuka milimani kuja Lubaga na majembe ya chuma na chumvi kwa ajili ya matambiko. Hebu mtazame jambo hili kwa jicho la utawala badala ya jicho la dini: nchi ya chakula isiyo na chuma, na nchi ya chuma yenye baridi na chakula haba, zimefungwa pamoja na kaburi moja. Mji wa Ulaya wa Zama za Kati ulikuwa na kanisa kuu na soko mbele yake. Hapa kanisa kuu lilikuwa msitu.

Mkubwa wetu, anayesoma uhandisi, alisikiliza yote haya kwa adabu, lakini akili yake ilikuwa Masoko. Kila kijana anayefika Rungwe anataka kwenda Masoko, nami namjua sababu. Ni dhahabu.

Masoko iko kusini mashariki ya mji, mwendo usiofika saa moja kwa barabara ya vumbi. Kuna ziwa la mviringo lililokaa katika shimo la volkano, na juu yake Wajerumani walijenga boma la jeshi lao miaka michache kabla ya vita. Majengo hayo baadaye yakatumiwa kuwa mahakama. Husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa hazina yao ziwani, dhahabu na silaha, na hata leo watoto huwauzia wageni sarafu za zamani wakisema zimeokotwa ufukweni. Kijana mmoja alituonyesha heller mbili za shaba. Heller 100 zilifanya rupia moja, kwa hiyo hazina ya mfukoni mwake ilikuwa sawa na sehemu ya hamsini ya rupia. Mkubwa wangu alizinunua hata hivyo.

Nilikaa naye juu ya jiwe tukahesabu. Sarafu za dhahabu za koloni hili, zile zenye tembo, za rupia 15, zilipigwa Tabora katika karakana ya reli mwaka 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, kama elfu kumi na sita tu kwa jumla. Jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland mwishoni mwa Mei mwaka huo huo wa 1916, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa Neu-Langenburg. Sarafu hizo zingepata lini nafasi ya kusafiri kutoka Tabora mpaka Masoko, zifike mapema kutosha kutupwa? Na afisa anayerudi nyuma akiwa na dhahabu anaibeba. Kinachotupwa ni kile kizito kisichonunua kitu. Silaha, yawezekana. Dhahabu, naona ni ndoto. Mwanangu alikubali kwa mdomo.

Hazina ya Masoko ipo, lakini ni tope. Wanasayansi walizamisha mabomba katika sakafu ya ziwa wakatoa tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000. Katika tope hilo wanasoma miaka ya mvua na miaka ya ukame, aina za miti iliyokuwapo kutokana na chavua, na majivu ya volkano. Mlima Rungwe wenyewe, huu wa mita 2,960 hivi tuliokuwa tukiuchora kila tulipochoka kusikiliza somo, ulilipuka vibaya sana yapata miaka 4,000 iliyopita na kuimwagia nchi yote mawe mepesi ya povu. Jirani yake Kyejo alitoa lava juzi tu, karibu miaka 200 iliyopita, na wazee walisimuliwa na walioona. Udongo tunaojivunia, unaozaa chai, ndizi na siku hizi maparachichi yanayosafirishwa ng'ambo, ni mabaki ya misiba hiyo.

Hapo mzee, aliyekuwa kimya kwa muda, akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya bonde. Sisi tuliona migomba na nyumba za mabati. Yeye alituonyesha miti mitatu mikubwa iliyosimama peke yake juu ya mgongo wa kilima, bila mpango wowote machoni petu. Akaitaja kwa majina. Hapa palikuwa kwa malafyale fulani, ilipandwa siku ya kutoka kwake. Pale, rika la baba yake lilijenga. Ile nyingine ni kaburi. Kisha akataja majina ya mahali ambayo hayamo katika ramani yoyote niliyopata kuishika ofisini, moja baada ya jingine, akifuata mgongo wa kilima kama mtu anayesoma mstari wa kitabu. Mama watoto akamwomba arudie polepole, na binti akaandika.

Niwaambie jambo ninalolijua kutokana na kazi yangu. Katika mabaraza ya ardhi nimeona mara nyingi kesi ambayo pande zote mbili hazina hati. Wajumbe wanakwenda shambani. Mzee anasimama anasema: mti huu alipanda babu, kaburi hili ni la shangazi, mpaka ulipita kwenye shina lile. Wajumbe wanaandika, na baraza linatoa uamuzi juu ya maneno hayo. Mali ya mtu inahama au inabaki kwa ushahidi wa mti. Lakini mwanafunzi akiandika habari ya mti huo huo katika insha ya historia anaulizwa kitabu kiko wapi. Sielewi kwa nini ushahidi unaotosha kumnyang'anya mtu shamba usitoshe kumpa mtoto alama moja.

Na miti inakwisha. Mmoja wa ile mitatu ulikuwa umekwisha chongwa gome kuuzunguka, dalili kwamba mwenye shamba anautaka ukauke. Simhukumu, mbao ni fedha na ada za shule hazingoji. Hata hivyo, ukianguka, mzee atakuwa amepoteza alama yake ya kukumbukia, na jina lililofungwa hapo litafungwa kwake peke yake.

Sehemu iliyobaki ya historia ya mji ni fupi, nami sitaikalia. Tetemeko kubwa la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 liliutikisa, na jingine la mwaka 1919 likaumiza yaliyobaki. Waingereza wakaondoa jina la Kijerumani na kuurudishia mji jina lake. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa katika vita, makanisa yaliendelea mikononi mwa Wakristo wenyewe, kwa usimamizi wa Waskoti kutoka Livingstonia. Dhahabu ya Lupa ya miaka ya 1930 ikaukuza mji wa Mbeya, Tukuyu ikabaki na wilaya yake. Vijana wa Rungwe wakaenda Lupa, wakaenda hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwa njia hiyo vijiji vya rika vikakosa rika la kuvijenga. Uchifu ukafutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwaka 1986 Tukuyu Stars wakachukua ubingwa wa Tanzania mbele ya vilabu vikubwa vya Dar es Salaam. Nilikuwa mtoto mdogo mno kuelewa, ila nakumbuka watu wazima wakilia barabarani.

Daftari la binti yangu lina majina 23 ya mahali, pamoja na maelezo ya mti au kaburi au kijito kinachoonyesha kila moja. Nimelitolea nakala mbili. Moja iko kwangu, ya pili nitaikabidhi kwa maktaba ya shule yetu siku ya mkutano. Nimeacha kurasa nyeupe za kutosha nyuma yake, kwa kuwa mzee alikwama kwenye majina mawili. Alisema anayeyajua ni bibi mmoja wa upande wa Selya, mkubwa kuliko yeye, ambaye bado anasikia vizuri, na njia ya kwake haipitiki kwa gari mvua zikishaanza.